Chatu wa Sanduku la Kumi na Moja

14 Februari

Kidonge,

Salamu zikufikie huko ndani ya koti lako jeupe. Nyumba nzima inakusalimu, yaani mimi na Baba, pamoja na jirani yetu mshonaji, ambaye kila akija kuazima kitu lazima aulize "mdogo wako je?" utadhani mimi ni tarishi wako. Hatujambo. Baba anakula vizuri. Mkono wa kulia haujarudi tangu alipopata kiharusi, ila maneno yanarudi, moja leo, moja kesho, na si lazima liwe lile alilolitaka. Juzi alimwita daktari "pazia," na daktari akaitika.

Kwa nini sipigi simu unajua. Mimi na wewe kwenye simu hugombana kabla salamu hazijaisha. Kwenye karatasi angalau namaliza ninachotaka kusema.

Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea Baba mara tatu. Mara ya kwanza alisikiliza, mara ya pili alicheka, mara ya tatu alisinzia nayo kifuani. Mimi namwogesha, namlisha na kumkata kucha, huu mwaka wa pili, na sijaona kitu changu chochote akisinzia nacho kifuani. Nasema tu.

Haya, tuje kwenye kazi yetu ya chatu. Bi Mkubwa ametaga, na nadhani huu ndio uzao wake wa mwisho, maana chatu wa umri ule hana cha kuthibitisha tena. Mayai kumi na manne. Mawili yalioza kwenye mashine ya joto, kumi na mawili yakaanguliwa, watoto wazuri, wana rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Wote wamejivua ngozi ya kwanza. Kumi wanakula vitoto vya panya vizuri kabisa, wengine hata kabla sijafunga kifuniko. Wawili hawataki, wa sanduku la tano na wa sanduku la kumi na moja. Nimewajaribu mara mbili, tarehe mosi na tarehe kumi na moja, na kila kadi ina misalaba miwili.

Kanuni ya Baba hujaisahau. Tunawapa chakula kila baada ya siku kumi, mara nane. Akila unaweka vema kwenye kadi, akikataa unaweka msalaba, na misalaba ikifika minane safari yake imeishia hapo. Sikuombi ushauri. Nakuarifu tu, kwa kuwa nawe ni mtoto wa nyumba hii.

Dada yako


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta na mafua, nikaisoma nimesimama mlangoni, mkoba ungali begani. Mwambie Baba nimeota anapiga mluzi kwenye ngazi. Mshonaji mwambie gauni lake bado linanienea, ila zipu inalalamika.

Huku kwenye kituo cha nyoka kazi ni nyingi. Ukumbi wetu una masanduku mia tatu, kila moja na kipimajoto chake, na daktari wa wanyama anashinda hapa hapa. Tunachovya viatu kwenye dawa kabla ya kuingia. Ungeona ungecheka, halafu ungetaka.

Kuhusu hao wawili, nakuomba usiwe na haraka. Huku asiyekula tunamvumilia hadi miezi minne. Wahamishie kwenye masanduku madogo zaidi, funika na kitambaa, usiwaguse katikati ya siku zile kumi. Halafu azima kifaranga kwa mshonaji. Msugulie kitoto cha panya kwenye manyoya, kwa subira, mpaka kinuke kuku. Kuna chatu ambao pua zao zinamtaka ndege na si panya. Nimewaona waliokataa mara saba wakala siku hiyo hiyo.

Na kama itakuwa hapana budi kuwaua, Dada, friza usitumie. Najua Baba aliitumia. Tuliambiwa nyoka akiingiwa na baridi anasinzia tu. Si kweli, anaganda huku anahisi.

Je, Baba amewaona hao watoto? Amesema nini? Niandikie kila neno, hata yale yasiyo mahali pake.

Kidonge wako


16 Machi

Kidonge,

Marahaba, na pole kwa mafua. Katika vipimajoto mia tatu hakikupatikana hata kimoja cha pua yako? Sisi hatujambo. Baba ameanza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, na nusu ya chai inafika.

Nianze na friza, maana hapo umenigusa pabaya. Friza niliitoa chumba cha nyoka wiki ile ile Baba aliponikabidhi funguo. Ni mimi niliyemwambia usoni kwamba ile si huruma, ni uvivu, akaninunia siku mbili. Mimi natumia pigo moja, la haraka, kisha nahakikisha kwa macho yangu kwamba limekwisha. Hukuwahi kuona kwa sababu siku za kazi hiyo ulikuwa unakumbuka ghafla kwamba una kitu cha kununua dukani. Sasa umevaa koti jeupe unanifundisha huruma kwa posta.

Wa sanduku la tano amekufa mwenyewe. Nilimkuta asubuhi amejinyoosha, mwepesi mno mkononi. Wa kumi na moja yupo na misalaba yake mitano. Usiniambie ngoja miezi minne. Nijibu hili, wewe uliyesoma: nikimsukumia chakula kooni kwa kibanio akapona, nimpe nani? Nimpe mwalimu mwenye tangi moja la kioo, aje kufa mbele ya darasa zima? Au nimkuze, atage, nami baada ya miaka mitatu nijaze rafu watoto wasiotaka kula, nianze kuua kumi badala ya mmoja? Baba hakuwa na roho ya jiwe. Alikuwa akiwaonea huruma hata wale ambao hawajaanguliwa.

Ndiyo, amewaona. Ulitaka kila neno, haya yapokee. Alasiri namtoa barazani, na siku moja wakati nafanya usafi nilimwekea lile sanduku la kumi na moja mapajani. Akafungua kifuniko kwa mkono wa kushoto. Yule mtoto akatoka akajizungusha kwenye kidole gumba chake, akatulia. Sasa kila alasiri anamwulizia. Kijiko anakiita "daraja," mimi ananiita "wewe" au "huyu," lakini huyo nyoka ana jina. Anamwita Kidonge.

Nilidhani amekosea neno, kama kawaida yake. Hakukosea. Anamsimulia. "Kidonge hataki maziwa," anasema. "Kidonge, kunywa basi, tone moja tu." Amerudi mwaka ule uliozaliwa ukakataa ziwa, marehemu Mama akiwa hoi kitandani, na yeye akakulisha kwa bomba la dawa ya macho, tone kwa tone, miezi minne. Hadithi hiyo umeisikia kila siku yako ya kuzaliwa, na kila mara uliinamisha kichwa na kutabasamu. Mtu aliyekuwa akiua asiyekula bila kupepesa jicho alikaa miezi minne na bomba la macho. Mimi nilikula tangu siku ya kwanza. Anayekula vizuri hakuna anayemtazama, Kidonge. Anafungiwa kifuniko, basi.

Nimekuwa nikiifikiria hiyo siku nzima huku nikisafisha masanduku, na sasa nimeiandika, na sitaifuta.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa habari ya friza. Sikujua. Ungeniambia zamani.

Mimi nimepona. Chumba changu kina dirisha linaloangalia ukuta wa ofisi nyingine, na kuna mtu huko anamwagilia ua moja kila siku saa nne. Huyo ndiye jamaa yangu huku. Barua yako imenifanya niache chakula mezani. Umeniandikia kwa uchungu kwamba Baba anamwita nyoka kwa jina langu. Mimi nimesoma kwamba Baba anatoka barazani alasiri, na kuna mtu anayemshika mkono kumtoa, na mtu huyo si mimi. Unamwonea wivu yule aliyelishwa kwa matone. Mimi simkumbuki huyo mtoto. Hakuna tone hata moja ninalolikumbuka. Wewe kucha zake unazikata leo.

Kuhusu swali lako. Huyo mtoto hatukumwokota msituni, kwamba tumwache msitu uamue. Sisi ndio tulioyatia mayai kwenye mashine, tukachagua joto, tukachagua sanduku, tukampa chakula cha aina moja, na akikikataa tunamwita dhaifu. Labda hajakataa kuishi, amekataa panya tu. Kuhusu kuzaa, asizalishwe, yaishe. Si kila aliye hai lazima aache watoto. Mimi na wewe tungekuwa wa kwanza kutupwa.

Mimi nitamchukua. Fundi wetu wa mashine za joto anakuja likizo mji wenu, atafika kwako tarehe 20 Aprili na kisanduku cha safari. Mara ya nane yako ni tarehe 12. Naomba siku nane tu juu yake. Jaribu kifaranga. Hata asipokula, mpe Fundi hivyo hivyo. Sijawahi kukuomba kitu kwa namna hii.

Kidonge


25 Aprili

Kidonge,

Salamu. Mgeni wako alifika salama, tena siku mbili kabla. Ni mtu mpole, alikula sahani mbili na kutengeneza taa ya jikoni bila kuombwa.

Ameondoka na kisanduku kitupu. Mara ya nane ilikuwa tarehe 12, na kanuni ya nyumba hii hukuitunga wewe wala mimi. Nilifanya kwa haraka. Hakuteseka. Wale kumi wamepata wenyewe wazuri, isipokuwa wawili ninaobaki nao.

Baba hajambo.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo.

Sitauliza habari za mshonaji wala za mvua. Kuhusu Baba umeniandikia maneno mawili. Hujawahi kuniandikia maneno mawili kuhusu Baba tangu nilipoondoka, hata ulipokuwa na hasira.

Fundi alipokuta sanduku tupu, kadi ilikuwa ingali kwenye kishikio chake. Nilikuwa nimemwambia kabla hajasafiri: ukikosa nyoka niletee chochote chake. Wewe ulikuwa jikoni unaosha vyombo. Aliichomoa, akaniletea. Ninayo hapa mezani. Ni mwandiko wako, ule wa kubana kalamu. Misalaba saba, na tarehe zake. Halafu tarehe 12 Aprili, mara ya nane, kuna vema.

Alikula. Ulimwua akiwa amekula.

Nimekaa na kadi hii siku nne kabla ya kuandika, kwa sababu kabla sijakuuliza kwa nini, kuna jambo ambalo nami sikukuandikia. Ile miezi minne niliyokuambia ni kwa chatu adimu tu, wale wanaotafutwa na kila bustani ya wanyama. Wengine wote huku wanapewa nafasi tano. Kila Ijumaa orodha inabandikwa mlangoni, na anayeitekeleza ni mimi. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Daktari yupo, ndiyo, anasaini. Wewe unakumbuka nilivyokuwa nikikimbilia dukani. Huku hakuna duka. Tangu nifike ni sitini na mmoja, na nahakikisha kwa macho yangu, kama wewe.

Sasa nicheke ukipenda. Nilitaka mmoja aokoke, nilitaka awe wa nyumbani, na nilitaka Baba aone kwamba ameokoka kwa maneno yangu. Hiyo haikuwa huruma yote. Nilikuwa natafuta nafasi barazani hapo ulipo wewe.

Lakini mimi sijamwua anayekula. Niambie ilikuwaje. Usinitajie kanuni.

Kidonge


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku kumi na mbili zilizopita. Nimeanza kuijibu mara nne.

Sikucheki. Sitini na mmoja ni wengi. Hata mimi, kwa miaka yote hii, sijafika hapo, na mimi nina Baba wa kumpelekea chai baadaye. Ungeniambia.

Ilikuwa alasiri. Nilikwenda kwa mshonaji nikaazima kifaranga, nikiwa nimeshaapa kwamba sitafanya hivyo. Nilisugua kile kitoto cha panya kwenye manyoya mpaka kifaranga chenyewe kikachoka kulia. Nikaweka sanduku mapajani mwa Baba, nikalegeza kifuniko, nikakaa kando. Hatukusubiri sana. Aliinua kichwa, akatoa ulimi mara mbili, akarusha shingo, akashika. Alikimeza polepole, bila kukosea, utadhani amefanya hivyo maisha yake yote. Nilifurahi, Kidonge. Nataka uliamini hilo. Mkono ulikwenda kwenye kadi wenyewe ukaweka vema kabla sijawaza lolote.

Halafu Baba akalia. Alilia kwa sauti, na akasema maneno sita yaliyonyooka, bila kukwama hata moja: "Kidonge amekula. Mtoto wangu amekula jamani." Akalibusu sanduku. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, nina unyoya wa kifaranga kwenye nywele, na macho yake yalinipita kama mtu anayetafuta mlango.

Kuna jambo hulijui, kwa sababu ulikuwa na umri wa wiki mbili na halimo katika ile hadithi ya siku zako za kuzaliwa. Miezi ile minne mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa na miaka mitano. Walinipeleka kwa marehemu shangazi ili Baba apate nafasi ya kukulisha, na hakuja kunitazama hata mara moja, kwa sababu saa mbili hazipiti bila wewe kuhitaji tone. Nilikuwa nakula sana kule. Shangazi alinisifia kwa wageni, "huyu hana taabu, anakula." Nilidhani nikila sana watasikia, waje wanichukue.

Basi nililichukua sanduku mapajani mwake. Nikamwambia Kidonge anakwenda kulala. Nikaingia chumba cha nyoka, nikafunga mlango, nikafanya. Nilifanya vizuri, kama siku zote. Tumbo lake lilikuwa limevimba kwa ule mlo mmoja. Hakukuwa na kanuni mle chumbani. Nimewaua wengi kwa sababu nilizoweza kumweleza mtu yeyote mezani, na hii ndiyo mara ya kwanza niliyoua kwa sababu nilitaka kuua. Nimejua tofauti yake kwa mikono, na sasa nikipita kwenye rafu najiuliza wale wengine, misalaba minane kila mmoja, je, wote niliwaua kwa kanuni? Sijui tena. Kazi hiyo nimeiacha. Wawili waliobaki nimempa mwalimu, na Bi Mkubwa atakaa nasi mpaka siku zake ziishe.

Nilinawa mikono nikarudi barazani. Baba alikuwa ameinama, anahangaika kuingiza mguu kwenye kiatu kwa ule mkono mmoja. Tangu augue hajawahi kutaka viatu. Nikamwuliza, "Baba, unakwenda wapi?"

Akaniambia, "Kidonge amekula. Sasa twende kwa shangazi tukamchukue dada yake. Nimemkumbuka mno yule mtoto."

Nilimfunga kamba za viatu. Sikuweza kusema ni mimi. Mikono yangu ilikuwa bado na maji. Nilimshika tukatembea mpaka getini, akachoka, akasimama akaangalia barabara huku na huku, akaniuliza mbona hatufiki.

Tangu siku hiyo, kila alasiri anavaa viatu. Mimi namshika mkono tunakwenda mpaka getini kunitafuta, na hatunipati, na tunarudi. Omba likizo, mdogo wangu, njoo. Wewe anakujua. Labda wewe ukisimama pale getini ukanionyesha kwa kidole, ukamwambia "Baba, huyu hapa," atakusikia.

Dada yako